Rudraksha, Shanga za Machozi ya Shiva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kokwa za kahawia zenye mikunjo, zilizotungwa kwenye uzi mwekundu au mweusi, zimekuwa zikionekana kila mahali siku hizi: shingoni mwa watawa wa Kihindu, kwenye mikono ya wanamuziki, na kwenye maduka ya mtandaoni yanayoahidi utajiri kabla ya mwezi kuisha. Maswali mengi tunayoyapata yanahusu bei na bahati. Majibu yetu yatakuwa yakirudi kwenye sala, kwa kuwa huko ndiko kokwa hizi zilikopata heshima yake.

Rudraksha ni nini hasa?

Ni kokwa ya tunda la mti unaoitwa kitaalamu Elaeocarpus ganitrus. Si jiwe, wala si mbao iliyochongwa. Mti huo hauishiwi majani mwaka mzima, na majani yaliyozeeka hugeuka mekundu kabla ya kudondoka. Unamea kwenye vilima vya chini ya Himalaya, hasa mashariki ya Nepal, na pia India, Java, Sumatra na Bali. Jamaa zake wa karibu wapo hadi Australia.

Tunda lake ni la buluu kali, buluu ambayo ni nadra kuiona kwenye tunda lolote. Wataalamu wa mimea walikuta kwamba rangi hiyo haitokani na dutu ya rangi ndani ya ganda. Ni tabaka nyembamba mno za ganda zinazorudisha mwanga wa buluu tu. Matunda yaliyoiva hulowekwa majini, nyama ikaondolewa, kokwa ikasuguliwa kwa brashi na kukaushwa. Kinachobaki ni kitu kigumu chenye mifereji inayoshuka kutoka juu hadi chini. Mifereji hiyo ndiyo chanzo cha habari zote za “nyuso”, tutakazozifikia.

Kwa nini huitwa machozi ya Shiva?

Jina limeunganishwa kutoka Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu: Rudra, jina la kale la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Uhindu, na aksha, yaani jicho. Hadithi ya machozi inasimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Katika Shiva Purana, kimoja cha vitabu vya Purana, yaani vya visa vitakatifu vya kale, Shiva alikaa katika tafakuri kwa maelfu ya miaka ya kimungu, kisha akafumbua macho kwa ajili ya kuusaidia ulimwengu. Matone yakadondoka, na pale yalipoangukia ikaota miti ya rudraksha.

Devi Bhagavata Purana inaongeza vita. Kulikuwa na jitu lililoitwa Tripura ambalo miungu ilishindwa kulizuia. Shiva akakaa miaka elfu ya kimungu macho wazi, akiwazia silaha ya kulimaliza, mpaka machozi yakamtoka. Katika jicho la kulia, ambalo ni jua, zikatoka aina 12 za rangi ya hudhurungi. La kushoto, ambalo ni mwezi, aina 16 nyeupe. Na jicho la tatu, la moto, aina 10 nyeusi. Jumla 38.

Kuna kisa cha kale kuliko vyote viwili, na kwangu ndicho kinachofungua maana yake. Shatapatha Brahmana, maandiko ya enzi za Veda, vitabu vya kale kabisa vya Uhindu, inasimulia kwamba Rudra alipozaliwa alilia. Alipoulizwa analilia nini, alisema hana jina. Akapewa jina Rudra, kutokana na kule kulia kwake. Kwa hiyo mungu huyu anayeogopwa kwa upinde na tufani, ambaye Wahindu humwomba asiwadhuru watoto wao na ng’ombe wao, ameanza na kilio. Walimu wa madhehebu ya Shiva huyafasiri machozi ya rudraksha kuwa ni huruma: aliyeuona uchungu wa viumbe hakuweza kubaki na macho makavu. Anayeivaa anajiwekea shingoni kumbukumbu ya huruma hiyo. Hirizi ya kumtisha adui ni jambo jingine kabisa.

Inatumikaje katika sala?

Kokwa hutungwa kuwa mala, nayo hutumika kuhesabia japa, yaani kulirudia jina la Mungu au mantra, maneno matakatifu. Anayejua tasbihi ya Waislamu au rozari ya Wakatoliki ataelewa mara moja. Kwa waumini wa Shiva mantra inayotumika zaidi ni Om Namah Shivaya. Maneno namah shivaya yamo katika Shri Rudram, sala ndefu ya Yajurveda (moja ya Veda), na silabi zake tano (na, ma, shi, va, ya) husomwa kama ardhi, maji, moto, hewa na anga. Wengine husoma Mahamrityunjaya, mantra ya kuomba kuokolewa na kifo, iliyomo katika kitabu cha saba cha Rigveda.

Mala hushikwa kwa mkono wa kulia. Huning’inizwa juu ya kidole cha kati au cha pete, na dole gumba huvuta kokwa moja baada ya nyingine kuelekea kwako. Kidole cha shahada hakiguswi. Ndicho kidole cha kunyooshea watu na kuamrisha, na walimu husema nafsi yenye majivuno inakaa hapo. Wengi huificha mala ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa uitwao gomukhi ili hesabu isionekane na macho ya watu. Kwa kuwa ibada ni ya siri, haifai kutangaza umefikia mizunguko mingapi.

Kuna ngazi tatu za kusoma: kwa sauti, kwa kunong’ona huku midomo ikicheza tu, na kimoyomoyo. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinasema japa ya sauti inapita kafara za kawaida mara 10, ya kunong’ona mara 100, na ya moyoni mara 1,000. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 10, mungu Krishna anasema kwamba kati ya kafara zote yeye ni japa. Pengine ndiyo maana ibada hii imewafaa watu wa kila hali. Haihitaji kuhani, moto, samli wala fedha.

Kwa nini kokwa 108, na ile moja ya ziada ni ya nini?

Kila mwalimu ana hesabu yake. Inayotajwa zaidi ni ya nyota: makundi ya nyota 27 ambayo mwezi hupita, kila moja likiwa na robo nne, ni 108. Wengine huzidisha buruji 12 kwa sayari 9 za unajimu wa Kihindu. Orodha mashuhuri ya Upanishad, maandiko ya mafundisho ya kiroho, nayo ina vitabu 108. Waumini wa kawaida hawasumbuki sana na hayo. Wanachokwambia ni kwamba 100 ni za kuhesabu na 8 ni fidia ya zile ulizosoma huku akili iko sokoni.

Ya 109 huitwa meru, jina la mlima mtakatifu ulio katikati ya ulimwengu. Hiyo haihesabiwi wala hairukwi. Ukiifikia, unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Zipo pia mala fupi za kokwa 54 na 27, ambazo ni nusu na robo ya mala kamili. Hizi ndizo mara nyingi zinavaliwa mkononi.

“Nyuso” au mukhi maana yake nini?

Kila mfereji unaoshuka kwenye kokwa hugawa upande mmoja na mwingine, na kila upande huitwa mukhi, uso. Kokwa yenye mifereji mitano ni ya nyuso tano. Rudrakshajabala Upanishad, mazungumzo kati ya Kalagni Rudra na mwanafunzi wake Bhusunda, inazitaja kuanzia uso 1 hadi 14 na kuzifungamanisha na nguvu za kimungu: ya nyuso mbili ni Ardhanarishvara, Shiva aliye nusu mwanamume na nusu mwanamke, ya tatu ni Agni, moto, ya nne ni Brahma, mungu muumba, ya sita ni Kartikeya, mwana wa Shiva, ya kumi na moja ni Rudra kumi na mmoja. Orodha za vitabu hazilingani kila mahali, kwa hiyo usishangae muuzaji mmoja akikwambia ya nyuso saba ni ya mama saba watakatifu na mwingine akasema ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri.

Ya nyuso tano ndiyo inayopatikana kwa wingi kupita zote. Mti wenyewe unazaa hivyo. Shiva Purana inaiita Kalagni, Rudra wa moto wa mwisho wa nyakati. Watawa waliokesha Himalaya kwa karne nyingi walivaa hiyo, na mala za 108 karibu zote ni hizo. Bei yake ni ndogo. Hapa ndipo biashara ilipoona tatizo.

Basi hii ya uso mmoja inayouzwa kwa bei ya gari ni nini?

Maandiko yanaiheshimu kuliko zote, kwa kuwa ni Shiva mwenyewe. Kwenye mti, kokwa ya duara yenye uso mmoja ni nadra mno, na uadimu huo umezaa ujanja wa kila namna. Kinachouzwa sana kwa jina hilo ni kokwa bapa yenye umbo la korosho kutoka kusini mwa India na Sri Lanka. Wapo wanaoikubali, na wapo wanaosema ni ya mti mwingine kabisa. Kokwa za duara za uso mmoja zinazoonyeshwa kwenye video za mauzo, zikiwa na nyoka au alama ya Om iliyojitokeza juu yake, zimechongwa na mtu.

Zipo nyingine zenye umbo la pekee ambazo kweli hutokea mtini. Kokwa mbili zilizoungana huitwa Gauri Shankar, yaani Shiva na mkewe Parvati, na hupendwa na wanandoa. Yenye kijinundu kama mkonga hupewa jina la Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo.

Katika kisa cha punda kilichomo ndani ya Devi Bhagavata Purana, hakuna anayeuliza idadi ya nyuso. Punda huyo alibeba mizigo ya rudraksha katika milima ya Vindhya, akachoka, akaanguka na kufa. Kwa kuwa alikufa akiwa na kokwa hizo mgongoni, Shiva alimpokea. Punda hakujua amebeba nini, wala hakuchagua zenye thamani.

Nitaijuaje ya bandia?

Jaribio la maji, lile la “ikizama ni halisi”, halitoshi. Kokwa halisi iliyokauka sana inaweza kuelea, na ya plastiki iliyotiwa madini ya risasi itazama. La kuiweka kati ya sarafu mbili za shaba na kungoja izunguke ni mchezo wa mkono tu. Itazame kwa lenzi: mifereji ya asili hupinda kidogo, ina kina kisicholingana na hushuka bila kukatika. Mfereji uliochongwa umenyooka na ndani yake ni laini. Kwa kokwa za bei kubwa wauzaji hupiga picha ya eksirei, kwa sababu vyumba vya mbegu ndani hulingana kwa kawaida na idadi ya nyuso nje. Mfereji wa nje usio na chumba chake ndani unatia shaka.

Ukubwa si dalili ya uhalisi. Za Nepal ni kubwa na mifereji yake ni ya kina. Za Java ni ndogo, nyingine milimita chache tu, na ni halisi vilevile. Upanishad tuliyoitaja inaipa daraja la juu iliyo na ukubwa wa amla, tunda dogo la duara la Kihindi, na daraja la chini iliyo sawa na dengu, lakini mala ya mkononi yenye kokwa kubwa namna hiyo ni shida kuizungusha.

Je, inatibu presha, kisukari, au msongo wa mawazo?

Hapana ushahidi wa kitabibu unaokubalika kwamba kuivaa kunatibu ugonjwa. Kukaa kimya asubuhi, kupumua taratibu na kurudia maneno ya sala kunaweza kumtuliza mtu, na hilo ndilo ambalo watu wengi wameliona kwao wenyewe. Lakini hapo kilichofanya kazi ni sala. Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya shanga, na anayekushauri uache anatafuta fedha yako.

Mwanamke anaruhusiwa kuivaa? Na ninapokuwa kwenye hedhi?

Anaruhusiwa. Shiva Purana inasema wazi kwamba watu wa tabaka zote nne na wanawake wanaweza kuivaa kwa amri ya Shiva mwenyewe. Katika jamii ambayo ibada nyingi za Veda zilifungwa kwa wanaume wa tabaka za juu, hilo halikuwa jambo dogo. Walingayati, madhehebu ya Shiva ya Karnataka, kusini mwa India, waliokataa matabaka tangu karne ya 12, wameihesabu rudraksha kuwa moja ya ngao nane za muumini, pamoja na mwalimu, lingam (nguzo ndogo iliyo alama ya Shiva), majivu matakatifu na mantra.

Kuhusu hedhi, familia zinatofautiana. Nyingine huivua na kuiweka mahali pa sala. Nyingine hazioni sababu. Kama una mwalimu, fuata analokuelekeza. Kama huna, fuata desturi ya nyumbani kwenu.

Lazima niache nyama na pombe?

Maandiko yanataja vilivyokatazwa: pombe, nyama, kitunguu saumu, kitunguu maji na, msishangae, mlonge. Ndiyo, mlonge huu huu ambao siku hizi unasagwa kuwa unga na kuuzwa kama tiba ya kila kitu. Kwa watawa sharti hili linashikwa. Kwa watu wa kawaida hali ni tofauti; wapo wanaoacha siku za Jumatatu tu, siku ya Shiva, na wapo wanaoivua kokwa kabla ya kula nyama. Pombe ndiyo inayokemewa na karibu kila mtu.

Mbona majirani zangu Wahindu hawavai hizi bali vishanga vidogo vya mbao?

Kwa sababu Uhindu una njia nyingi. Wahindu wengi wa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wana asili ya Gujarat, na wengi miongoni mwao hufuata njia ya Vishnu, mungu mkuu mwingine wa Uhindu, ikiwemo ile ya mwalimu Swaminarayan. Vishanga vyao hutokana na shina la tulsi, mmea mtakatifu ulio ndugu wa mrehani na kivumbasha wetu. Anayepokewa rasmi katika njia hiyo huvishwa kanthi, uzi wa shanga za tulsi shingoni. Wanaomwabudu Mama Mkuu, Mungu katika sura ya kike, nao hutumia marijani, fuwele au msandali mwekundu. Ukitaka kuona rudraksha zikiwa kwa maelfu, nenda hekalu la Pashupatinath mjini Kathmandu, Nepal, usiku wa Maha Shivaratri, sikukuu kuu ya Shiva, au mji mtakatifu wa Varanasi, India. Kwenye Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wa Kihindu, mjini Prayagraj mwaka 2025 watawa wa Naga walionekana wamejifunika kokwa hizi kichwani, shingoni na mikononi, bila vazi jingine zaidi ya majivu.

Mimi si Mhindu. Nikivaa nitakuwa nimebadili dini?

Kwa upande wa Wahindu, hapana. Kuvaa rudraksha si kiapo cha kuingia dini, na hakuna atakayekuzuia. Kwa upande wa dini yako, waulize viongozi wako. Muislamu atakumbushwa hukumu ya kuvaa hirizi na kutegemea kisichokuwa Mwenyezi Mungu, na Mkristo anaweza kuulizwa kwa nini anavaa alama ya ibada nyingine. Maswali hayo ni ya haki. Ukivaa kwa urembo tu, kuwa na adabu nayo: usiifunge kifundoni mwa mguu, kwa kuwa kwa Wahindu miguu ni sehemu duni ya mwili na kitu cha ibada hakikai huko.

Niianzeje kuivaa?

Wengi huchagua Jumatatu, mwezi wa Shravana (Julai na Agosti), au Maha Shivaratri, ambayo huangukia Februari au Machi. Huoshwa kwa maji safi, ya mto Ganga yakipatikana, kisha kwa mchanganyiko wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, halafu maji tena. Hupakwa msandali, ikagusishwa lingam ya Shiva, na mantra ikasomwa mala nzima. Asiye na hekalu karibu anaosha kwa maji na kuomba. Mala ya kuvaa na mala ya kuhesabia huwa mbili tofauti, na ile ya kuhesabia haiazimishwi.

Huvuliwa wapi? Chooni na kitandani, wengi watakwambia. Na mazishini pia, ingawa watawa hawaivui kabisa, hata makaburini, maana Shiva mwenyewe husifiwa kuwa mkaaji wa mahali pa kuchomea maiti.

Uzi ukikatika, ni nuksi?

Uzi umechakaa. Okota kokwa zote, zihesabu, zitunge upya kwa uzi wa hariri au pamba iliyosokotwa vizuri, na upige fundo kati ya kokwa na kokwa ili zisisuguane na siku nyingine zisitawanyike zote. Jasho la pwani huozesha pamba haraka, kwa hiyo kagua kila baada ya miezi michache. Safisha mifereji kwa brashi laini ya meno na maji ya vuguvugu. Sabuni kali na manukato hukausha kokwa mpaka inapasuka. Tone la mafuta ya ufuta au ya msandali mara chache kwa mwaka linatosha. Iliyopasuka haitupwi jalalani. Huachiwa kwenye maji yanayotiririka au hufukiwa chini ya mti, na nafasi yake kwenye mala hujazwa na nyingine ya nyuso zilezile.